Helmeti ya Taratibu

Chunusi ya kwanza ilimtoka Vifurushi chini ya mdomo, upande wa kushoto, ndogo kama punje ya mtama, naye akaidharau. Ya pili ikaja upande wa kulia. Baada ya hapo zikaacha kupiga hodi. Ziliingia kidevuni kama wageni wa msiba, kila mmoja kaja na mwenzake, na hakuna aliyeonyesha dalili ya kuaga.

Vifurushi si jina alilopewa na wazazi wake, lakini mtaani ukiuliza lile la kuzaliwa wanajua wewe mgeni. Kazi yake ilikuwa kupeleka vifurushi kwa pikipiki, kutoka bohari moja nyuma ya kituo cha mafuta: viatu vya watu waliokosea saizi, vipuri vya friji, miwani, keki za bethdei ambazo ukikata kona vibaya zinafika zimekuwa uji. Madereva wote pale walikuwa wanaume. Walimtania mwezi mzima wakachoka wenyewe, maana ulimi wa yule dada ulikuwa na gia moja zaidi ya pikipiki yake.

Pikipiki yenyewe ilikuwa ya marehemu mumewe, na kazi ilikuwa ya marehemu mumewe. Huyo walimwita Taratibu. Usiulize kwa nini. Huyo ni dereva aliyekuwa akipitwa na baiskeli yenye mzigo wa mkaa. Taa ikiwaka kijani, yeye anasimama kwanza aiangalie vizuri kama ni kijani kweli. Mizigo yake ilifika imechelewa, lakini haijawahi kufika imevunjika, na watu walisema huyu atatuzika sote. Halafu mchana mmoja wa kawaida kabisa, jua kali, redio ya jirani inaimba, akakaa kwenye kiti cha plastiki barazani akaomba maji. Mkewe alipotoka na kikombe akakuta mtu amekwisha kwenda. Moyo, walisema. Aliyeiogopa barabara maisha yake yote, kiti ndicho kilichommaliza.

Akaacha nyumba ya vyumba vitatu yenye wanawake watatu. Mama yake mzazi, ambaye miguu ilikuwa imeanza kumgomea. Dada yake, msusi, aliyekigeuza chumba cha mbele kuwa saluni na aliyekuwa na dawa ya kila kitu isipokuwa ya kunyamaza. Na mkewe. Kisha akaacha helmeti.

Ilikuwa nyeusi, ile ya kioo kirefu kinachofunika uso mzima mpaka kidevuni, ndani ina sponji nene mashavuni, na chini mkanda mpana unaopita kidevuni. Vifurushi aliivaa mara ya kwanza siku alipokwenda bohari kuomba nafasi ya mumewe. Aliposhusha kioo na kufunga mkanda, akamkuta Taratibu yumo ndani.

Usinielewe vibaya. Harufu yake ndiyo ilikuwamo. Jasho lake, mafuta ya zile nywele zake fupi zilizoingia mvi, na zile peremende alizokuwa akitafuna toka asubuhi mpaka jioni kama mbuzi. Jua likipanda na helmeti ikipata moto, harufu ilizidi, na kwenye foleni ya magari, kioo kikiwa chini, Vifurushi aliisikia pumzi yake mwenyewe ikirudi masikioni nzito kidogo, polepole kidogo, kama ya mtu mwingine aliyekaa karibu. Akaanza kuongea naye. Mwanzoni kwa salamu tu. Baadaye ikawa umbea mzima: nani kagombana na nani bohari, mama kalalamika nini, wifi kamchoma nani kwa pasi ya nywele. Wa gari la jirani wakimwona anatingisha kichwa peke yake walidhani anaimba.

Naye alijibiwa. Hilo hakumwambia mtu. Akifika njia panda na kutaka kuchomoka, neno "taratibu" lilimjia kutoka humo humo ndani, si sikioni, ila lilimjia, na mkono ulikaza breki wenyewe.

Sasa, mtu mwingine angeifua helmeti kila baada ya muda. Vifurushi hakuifua hata siku moja. Alifanya zaidi. Jioni akifika, kabla hata ya kuvua viatu, aliichukua ikiwa bado ina joto na jasho, akaiingiza kwenye mfuko wa nailoni, akaufunga fundo ili harufu isitoroke usiku. Asubuhi anafungua, anavaa. Bohari walimpa helmeti mpya, inang'aa kama yai la kuchemsha. Akashukuru sana, akaiweka juu ya kabati, ikawa inakusanya vumbi.

Kwa hiyo chunusi zilipoanza, ndugu msikilizaji wewe umeshajua zilikotoka. Lakini wewe hukuwa na mume ndani ya helmeti.

Wifi mtu ndiye aliyeshika usukani wa matibabu. Alianza na dawa ya meno, akampaka kidevu chote, Vifurushi akalala kama mtu aliyedumbukia kwenye keki. Asubuhi ngozi ikawa imekauka inapasuka, na chunusi zimo zinacheka. Likaja limau. Limau liliwasha mpaka machozi yakatoka, wifi akasema hiyo ni dalili kwamba linafanya kazi. Mwisho ikaja krimu ya kopo lisilo na jina ambayo mteja mmoja aliisifia. Hiyo ilikuwa na maajabu. Siku chache tu kidevu kikalainika kama cha mtoto, wifi akatembea mtaa mzima akijisifu. Kisha chunusi zikarudi na ukoo wao: nyekundu, ngumu, nyingine zina kichwa cheupe, nyingine zimejificha chini ya ngozi zinapiga kama moyo.

"Wifi yangu, hicho sasa si kidevu," akamwambia. "Hicho ni shamba la nyanya."

"Mkulima si wewe?"

Wakacheka. Aliyekuwa hacheki ni mama mkwe. Alimwita Vifurushi dirishani kwenye mwanga, akamwinua uso, akaangalia. Zile kubwa, zile mbaya zaidi, zilikuwa zimekusanyika mahali pawili: fungu moja upande huu wa kidevu, jingine upande ule, na katikati pana ngozi safi kidogo. Mama akaweka kidole gumba upande mmoja, na cha shahada upande mwingine, bila kugusa.

"Hapa ndipo alipokuwa akikushika," akasema.

Na ni kweli. Taratibu alikuwa na mtindo huo. Mkewe akinuna, alimshika kidevu kwa vidole viwili, akamgeuza uso, akasema, "Bosi, niangalie." Alifanya hivyo mbele ya watu, mbele ya mama yake, hakuona haya.

Vifurushi aliondoka pale dirishani mwili umemsisimka. Siku hiyo barabarani kila aliposimama alijiangalia kwenye kioo cha pikipiki, na kila alipojiangalia aliviona: vidole viwili, vimeshika. Mtu mwenye akili timamu angeogopa. Angekwenda kuombewa, angehama nyumba, angepiga kelele. Vifurushi alifurahi. Hapo ndipo habari hii inapotisha. Alirudi nyumbani akalitupa kopo la wifi, si kwa sababu lilikuwa baya, ila kwa sababu hakutaka tena kupona. Asubuhi iliyofuata akaukaza mkanda wa helmeti tundu moja zaidi.

Chunusi haijui mapenzi. Fungu moja kati ya yale mawili likavimba mpaka akawa anatafuna upande mmoja wa mdomo. Kuna mama mmoja, kapelekewa kifurushi chake mlangoni, akakipokea kwa ncha za vidole kisha akakifuta kwa kanga. Mkanda ukigusa, Vifurushi alikunja uso. Akikunja uso, alifumba macho. Na mtu anayefumba macho kwenye pikipiki hachelewi kuwa habari ya mjini. Siku aliponusurika kumgonga muuza magazeti, msimamizi wa bohari akamwita pembeni. Alikuwa mtu wa huruma lakini wa maneno machache. Alimwambia atibiwe, la sivyo ataisimamisha pikipiki mpaka atakapotibiwa.

Pikipiki ikisimama, helmeti inakaa ndani. Helmeti ikikaa ndani, ataongea na nani? Vifurushi akaenda kliniki.

Daktari wa ngozi alikuwa mama wa makamo, miwani yake imefungwa kamba shingoni. Hakushtuka. Hilo lilimuudhi kidogo mgonjwa, aliyekuja amejiandaa kushtukiwa. Daktari akauliza ametumia nini mpaka sasa. Vifurushi alipotaja dawa ya meno, daktari akafumba macho. Alipotaja limau, akashika paji la uso. Alipotaja kopo lisilo na jina, akavua miwani kabisa, akaeleza kwamba krimu za namna hiyo mara nyingi zina dawa kali zinazotuliza ngozi kwa muda tu, na ukiacha, ngozi inalipuka. Asiziguse tena.

Kisha akamgeuza uso huku na huku. "Paji safi. Mashavu safi. Kidevu peke yake. Kuna kitu kinakugusa hapa kila siku."

Vifurushi akakauka kitini. Kwa pumzi moja alidhani daktari naye anajua.

"Unafanya kazi gani?"

Helmeti ilikuwa mapajani mwake, ndani ya mfuko wake wa nailoni. Daktari aliomba aione, akafungua fundo, na yeye aliyezoea madonda ya watu akarudisha kichwa nyuma.

"Hii imefuliwa lini?"

"Haijafuliwa."

"Tangu lini?"

"Tangu mwenyewe akiwepo."

Daktari aliufunga mfuko, bila haraka, na sauti yake ilipotoka ilikuwa imeshuka. Alieleza kwa upole, kama anayemweleza ndugu yake. Mkanda unabana na kusugua sehemu zile zile mbili kila siku. Jasho na joto vinaziba vinyweleo. Nailoni inafungia unyevu usiku kucha, vijidudu vinakula na kuzaana humo, asubuhi unavibandika tena usoni. Uso aoshe asubuhi na akitoka kazini, kwa sabuni laini na mkono mwepesi, asisugue kama sufuria. Usiku apake jeli ya chunusi atakayompa, safu nyembamba tu, na atandike kitambaa kikuukuu juu ya mto wa kulalia maana jeli ile inachuja rangi ya nguo. Asitumbue hata moja, hata ikimwita kwa jina. Chini ya mkanda aweke kitambaa safi cha pamba, kila siku kingine. Mkanda ukae imara bila kunyonga. Asitegemee kuona tofauti kubwa wiki hii wala ijayo. Ngozi inakwenda kwa wiki nyingi.

"Lakini hayo yote ni kazi bure," akasema, "kama hii haifuliwi. Tutaonana hapa mpaka nistaafu."

"Nikiifua, daktari, itabaki nini?"

Daktari alimrudishia mfuko.

"Itabaki helmeti."

Vifurushi alifuata kila alichoambiwa isipokuwa hicho kimoja. Aliosha, alipaka, alitandika kitambaa, aliacha mikono mbali na uso mpaka wifi akamsifu kwamba sasa ana adabu. Hata kitambaa cha pamba aliweka, ila helmeti ikirudi nyumbani ilirudi mfukoni, fundo likafungwa. Chunusi zilitulia kidogo, zikachungulia, zikaona mlango uko wazi, zikarudi.

Siku ya mapumziko wifi akachoka. Aliunyanyua ule mfuko kwa vidole viwili, akaupeleka uani kwenye beseni, huku akisema kwa sauti ya kusikika na majirani kwamba kitu hiki ukikifungua mbele ya polisi unalala ndani. Vifurushi akamfuata mbio akaushika. Wakavutana, wanawake wazima wawili, kama watoto wanaogombea mdoli. Mwanzoni wifi alikuwa anacheka. Kisha akamtazama mwenzake machoni, akaacha kucheka, lakini mfuko hakuuachia.

"Na mimi ni kaka yangu," akasema. "Unadhani mimi sitaki abaki?"

Mama mkwe alikuwa ametoka mlangoni, ameshika ukuta.

"Ileteni hapa."

Wakampelekea. Akakaa kwenye ngazi, akaiweka mapajani, akafungua fundo haraka haraka kama mtu aliyelizoea. Akaingiza uso wake mzima ndani ya helmeti, akavuta pumzi, akakaa humo. Kisha akatoka.

"Mwanangu," akamwambia Vifurushi, "humu hayumo."

Vifurushi hakuelewa.

"Mwanzoni alikuwamo. Ukirudi ukilala, nilikuwa naja kumnusa. Nafungua, namnusa, nafunga. Peremende zake, na yale mafuta yake. Halafu akaanza kupungua. Kila ukivaa anapungua. Sasa humu uko wewe. Uko wewe mtupu."

"Si kweli, mama."

"Mimi nimemzaa. Nilimnusa kabla wewe hujajua kama yupo duniani. Chukua, nusa."

Vifurushi akachukua. Akatia pua pale kwenye mkanda, alipokuwa akimpata kila asubuhi, akatafuta peremende. Hazikuwamo. Alipata petroli. Alipata jasho kali lililolala, na uchachu kama wa limau, na mafuta ya krimu ya kopo, na chini ya hayo yote harufu ya kwapa ya mtu mmoja anayefanya kazi juani, na mtu huyo alikuwa yeye. Akatafuta tena, upande wa kulia, upande wa kushoto, utosini. Yeye. Yeye. Yeye.

Basi miezi yote ile alikuwa akiongea na nani kwenye foleni? Na yule aliyekuwa akimjibu alikuwa nani?

Baadaye sana, akiwa ameketi ngazini kando ya mama, Vifurushi aliuliza. "Kama ulijua ni mimi tu, mama, mbona uliendelea kuja kunusa?"

Mama mkwe alikuwa akiliviringisha fundo la nailoni kidoleni.

"Na wewe unatoka kila asubuhi na pikipiki ile ile," akasema. "Nilikuwa nazoea mapema kubaki na harufu tu."

 

Vifurushi aliifua mwenyewe. Alibandua sponji za mashavuni, vifungo vikaachia kimoja kimoja, akabandua na ile ya utosini, akavidumbukiza vyote kwenye maji ya uvuguvugu na sabuni. Mkanda akausugua kwa mswaki mkuukuu. Maji yakageuka rangi ya chai iliyokolea. Akakamua, akamwaga, akatia mengine, yakageuka tena. Wifi, aliyeshindwa kuvumilia, akasema hiyo chai wakiiuza watapata kesi, na Vifurushi akacheka na pua ikamtoka kamasi.

Ni kwenye maji ya tatu alipouona. Unywele. Mfupi, mweupe, umejikunja, unaelea juu ya povu. Nywele za Vifurushi zilikuwa nyeusi, ndefu, zimesukwa na wifi huyo huyo. Mama mkwe alikuwa hajawahi kuvaa helmeti na kichwa chake hakikuacha kitambaa. Wote watatu waliuona. Vifurushi alipeleka kidole polepole. Unywele ukamgusa, ukamshika kidogo kwenye ncha ya kidole, kama unaofikiria. Kisha povu likapasuka, ukateleza, akauwahi kwa kiganja na kiganja kikatoka na maji matupu. Alikoroga beseni lile mpaka mikono ikakunjamana. Hakuupata. Maji yalimwagwa mwisho na mama mkwe mwenyewe, kidogo kidogo, kwenye mchanga wa uani, naye akasimama hapo mpaka yote yakanywewa.

Barabarani siku ya kwanza palikuwa kimya. Helmeti ilinuka sabuni. Vifurushi alianza kusema jambo kwenye foleni, akaacha katikati, kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata. Kwenye njia panda hakuna aliyemwambia chochote, akapunguza mwendo mwenyewe, na hilo lilimuuma kuliko chunusi zote.

Kidevu kilipona kwa mwendo ambao marehemu angeusifia. Kwanza zile zenye kichwa cheupe zikanywea. Zile ngumu za chini ya ngozi ziliganda kwa muda mrefu, zikawa hazipigi tena, zikashuka. Kila mwisho wa juma sponji zilikwenda kwenye beseni, kila asubuhi kitambaa kipya cha pamba. Siku mbili tatu chunusi moja ilitokeza, akaiacha, ikaondoka yenyewe. Aliporudi kliniki zilikuwa zimebaki alama tu, madoa meusi, mengi yakiwa pale pale mahali pawili.

Daktari alifurahi, akasema hayo ni makovu ya rangi tu, yatafutika yenyewe kwa miezi kadhaa, ila jua litayachelewesha na kuyakoleza, hasa kwa mtu wa pikipiki anayependa kufungua kioo. Akampa mafuta ya kukinga jua. Apake kila asubuhi, asiruke siku.

Vifurushi anapaka. Anasimama mbele ya kioo cha saluni kabla wateja hawajaja, anapaka kidevu kizima, kulia, katikati, mpaka chini ya taya, hakuna anayepaka kwa bidii kama yeye. Upande wa kushoto kuna doa moja, la ukubwa wa ncha ya kidole gumba. Akilifikia, analizunguka. Wifi amemwona siku nyingi na hajawahi kulifanyia utani. Akimaliza, anafunga kifuniko, anatoka, anavaa helmeti, na njiani anapandisha kioo, jua limpige hapo.